Shusha, usipandishe: kipaumbele cha thredi kwenye kompyuta yako

Kuna ujanja unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Kigoma, na nadhani kwingine pia, kwamba kompyuta ikiwa nzito we fungua Task Manager, nenda Details, bonyeza kulia kwenye programu unayoitaka, Set priority, afu weka Realtime, ile ngazi ya juu kabisa. Watu wanauamini kweli kweli. Wananiletea mashine hapa Mwanga wakiwa wameshaweka Realtime kila mahali, gemu Realtime, Chrome Realtime, Photoshop Realtime, halafu wanashangaa mausi inaruka ruka na mziki unakatika. Kueleza mmoja mmoja pale kaunta huku foleni inasubiri kopi siwezi tena, kwahiyo naandika mara moja, mwenye kusoma asome.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyetaka maneno mengi aishie hapa. Kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani, kupandisha kipaumbele mara nyingi ni kupoteza muda au kujitafutia balaa, kushusha ndio kunasaidia. Na kama kuna thredi inastahili kweli kupanda, basi ni ile yenye kazi ndogo isiyoweza kusubiri, ile yenye kazi kubwa ikae chini hata kama ndio iliyokufanya uwashe mashine asubuhi.

Sasa thredi ni nini. Prosesa haiendeshi programu kama tunavyosema mtaani, inaendesha thredi, yaani mfululizo mmoja wa maagizo unaofuatwa hatua kwa hatua, na programu moja inaweza kuwa nazo mbili au mia. Fungua Task Manager upande wa Performance, bonyeza CPU, chini pale utaona Threads na namba ya elfu na kitu, mara nyingi elfu mbili na zaidi hata kama hujafungua chochote cha maana. Afu prosesa yako ina kori nne, yaani sehemu nne tu za kuendeshea thredi! Inawezekanaje? Inawezekana kwasababu karibu zote zimelala. Moja inasubiri ubonyeze kibodi, nyingine inasubiri intaneti ijibu, nyingine inasubiri muda wake ufike, na thredi iliyolala haili prosesa hata kidogo, uipe namba yoyote unayotaka haibadilishi kitu. Kipaumbele kinaanza kuwa na maana pale tu zile zilizo macho na tayari kufanya kazi zinapokuwa nyingi kuliko kori. Ndio maana mtu anayefungua Word peke yake afu anaiweka High hapati lolote, hamna wa kushindana naye.

Na kipaumbele sio spidi jamani. Hakiiongezei prosesa nguvu hata chembe, kinaamua nani atangulie wakigombania nafasi moja. Hapa dukani akija mtu na kitambulisho chake anataka kopi moja, na mbele yake kuna mwanachuo anaprinti ripoti ya kurasa mia mbili, mi nasimamisha ripoti, natoa kopi, narudi kwenye ripoti. Mwanachuo amechelewa sekunde chache kwenye kazi ya nusu saa, hata hajasikia. Ningefanya kinyume yule wa kopi moja angekaa nusu saa kwa kazi ya sekunde chache na angenitukana na mi nisingekuwa na la kujibu. Ona hapo sijauliza nani ana karatasi muhimu zaidi. Ripoti ni muhimu, mtu anataka kumaliza chuo. Ninachoangalia ni nani anaumia akisubiri na nani atanichukulia mashine muda gani.

Windows yenyewe ina ngazi 32, kuanzia 0 mpaka 31. Ile 0 imetengwa kwa thredi ya mfumo inayosafisha kurasa za memori kabla hazijapewa programu nyingine. 1 mpaka 15 ndio tunapoishi sisi wote, na 16 mpaka 31 ndio eneo la Realtime. Yale majina unayoyaona kwenye menyu ni vibao vya namba tu: Low ni 4, Below normal 6, Normal 8, Above normal 10, High 13, Realtime 24. Mwandishi wa programu naye anaweza kuisogeza thredi moja moja juu au chini kidogo kuzunguka hiyo namba. Sheria ya kugawa ni kali sana, thredi ya ngazi ya juu ikiwa tayari, ya chini inapishwa kando kwenye hiyo kori, haipewi hata robo, inasubiri mpaka ya juu ilale. Wakilingana ngazi ndio wanapokezana, kila mmoja na zamu yake.

Watu wengi hawajui kwamba Windows haikai tu ikitazama hizo namba, inazichezea yenyewe kila wakati. Ukibonyeza kibodi au ukisogeza mausi, thredi iliyokuwa inasubiri hicho kitu inapandishwa ngazi 6 kwa muda mfupi, ikisubiri sauti inaweza kupandishwa 8, ikisubiri diski ni 1 tu, mtandao 2. Afu inashuka taratibu, ngazi moja kila zamu ikiisha. Dirisha ulilonalo mbele ya macho nalo linapendelewa, zamu ya kawaida kwenye Windows ya mezani ni kama milisekunde 31 lakini programu iliyo mbele inapewa mara tatu yake, kama milisekunde 94. Kwahiyo ule upendeleo unaohangaika kuutafuta kwa Realtime umeshapewa tangu ulipobonyeza dirisha, na aliyeupanga alifikiri kuliko yule anayekufundisha Realtime kwenye video ya TikTok.

Kuna dogo mmoja ana studio kule Ujiji, anarekodi kaswida, kwaya, na vijana wa singeli, mashine yake ni mtumba wa ofisi, sio mbaya. Tatizo lake sauti ilikuwa inakatika tsk tsk wakati wa kurekodi. Akaona video, akaweka programu ya mziki Realtime, akanipigia.

"Kaka, mashine imekufa."

"Imekufa au imeganda?"

"Sauti ilitulia kama dakika hivi, afu mausi ikagoma kabisa. Kaswida ya watu iko humo ndani kaka."

"Uliifungua Task Manager kama administreta?"

"Eeh, si ndivyo video ilivyosema."

Hapo ndipo penyewe. Ukiwa huna haki za administreta Windows inakupa High kimya kimya hata kama umechagua Realtime, na hiyo imewaokoa wengi bila wao kujua. Dogo alikuwa na haki zote, akaipata 24 halisi, na Microsoft wenyewe wanaonya kwenye maelezo yao kwamba programu ya namna hiyo ikishika kazi muda mrefu mausi inaweza kuacha kuitika na data iliyo kwenye memori ikachelewa kuandikwa kwenye diski. Maana thredi zinazoshughulika na hayo nazo ni thredi tu, zinahitaji prosesa, na wewe umejiweka juu yao.

Kingine, ile menyu haichagui thredi, inahamisha programu nzima. Programu ya mziki ina thredi ndogo ya sauti inayoamka kila baada ya milisekunde kadhaa, inajaza bafa, yaani akiba ndogo ya sauti inayosubiri kupigwa, inalala, hiyo ndiyo yenye haraka ya kweli. Ukirekodi sampo (vipande vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde na bafa ya sampo 512 una kama milisekunde 11.6 kabla spika haijakauka, bafa ikiwa 128 unabaki na 2.9 tu. Lakini humo humo ndani kuna thredi zinazochora mawimbi kwenye skrini, zinazosoma faili, zinazotafuta apdeti, na zote zimepanda na mwenzao mpaka 24. Tofauti baina yao imebaki vile vile, umeziokota zote ukazipandisha ghorofani. Tena programu nyingi za sauti hazihitaji huo msaada, tangu Windows Vista kuna huduma inaitwa MMCSS ambayo programu inaiomba rasmi "hii thredi yangu ni ya sauti, iangalie", nayo inaipandisha hiyo moja na kuhakikisha wengine wanabakiwa na kitu.

Na ukweli ni kwamba tatizo la dogo halikuwa kipaumbele kabisa. Kazi za draiva, ile programu ndogo inayoendesha kifaa, pale kifaa kinapoita prosesa kusema nina kitu chako, zinafanyika juu ya thredi zote, hata ya ngazi ya 31 inakatizwa. Draiva ikizubaa huko juu milisekunde chache sauti inakatika, na hamna namba ya Task Manager itakayoifikia. Tukaweka LatencyMon, programu inayoonyesha draiva gani inazubaa, ikaonyesha ya Wi-Fi. Akizima Wi-Fi wakati wa kurekodi, ile tsk tsk inakwisha. Bafa tukaiweka 512 kwa kumiksi, 128 anapoimbisha mtu. Bure kabisa, ila soda alininunulia.

Sasa niongee na wanaoandika programu, maana najua mpo, kuna vijana hapa wanaandika vitu vizuri tu vya maduka na vikoba. Ukishaanza kutengeneza thredi zako mwenyewe utakutana na uwanja wa kuandika kipaumbele na mkono utawasha. Kila mtu anadhani thredi yake ndio muhimu. Mi nashauri usiulize umuhimu, uliza maswali mawili, inaamka kwa ajili ya nini na inafanya kazi muda gani kabla ya kulala tena. Inayoamka kwa kidole cha mtu au kwa spika na kulala ndani ya milisekunde moja, pandisha kidogo ukitaka. Inayokaa macho sekunde tano mfululizo ikizipu faili au kupiga hesabu za mwezi, shusha. Zilizobaki ziache Normal, na zilizobaki ni karibu zote. Hii sio hekima yangu ya Mwanga, watafiti Liu na Layland mwaka 1973 walishaonyesha kwa hesabu kwamba kwa kazi zinazojirudia, ukitumia vipaumbele visivyobadilika, mpango bora ni kumpa wa juu yule anayerudi mara nyingi zaidi, muda wake wa kurudi ukiwa mfupi ndio anapanda. Hakuna mahali kwenye hesabu ile palipoandikwa nani ni bosi.

Mfumo uliolichukulia hili kwa moyo kuliko yote niliyowahi kuchezea ni BeOS, wa kampuni ya Be ya Jean-Louis Gassée aliyetoka Apple. Kila dirisha lilikuwa na thredi yake, na wakawapa waandishi wa programu majina yanayojieleza: kazi za chinichini 5, kawaida 10, mambo ya skrini 15, ya skrini yenye haraka 20, afu kuanzia 100 mpaka 120 ndio realtime. Angalia nafasi iliyoachwa kati ya 20 na 100, ni kama wamekuambia ukitaka kuvuka hapa uwe na sababu. Kampuni ilikufa, Palm wakainunua 2001, lakini watu wa kujitolea wanaendeleza mfumo ule mpaka leo kwa jina la Haiku na namba zile zile, na kwenye mashine ya kizee unatembea vizuri ajabu. Nina mashine moja nyuma ya duka nimeuweka kwa kujifurahisha tu, wateja wananicheka.

Kupandisha thredi kuna mtego mwingine ambao hauonekani mpaka siku ya siku. Thredi ya chini imeshika kufuli, yaani ruhusa ya kutumia peke yake kitu fulani, data ya pamoja tuseme. Thredi ya juu inaitaka hiyo kufuli, inasubiri. Sasa anatokea wa katikati ambaye hana habari na kufuli yoyote, ana kazi yake ndefu, na kwakuwa yuko juu ya yule wa chini anamnyima prosesa, wa chini hawezi kumaliza wala kuachia kufuli, na mkubwa anabaki kumsubiri mdogo asiyepewa nafasi. Hii ilitokea kwenye chombo cha Marekani Mars Pathfinder kilichotua sayari ya Mars tarehe 4 Julai 1997. Kazi ya hali ya hewa ya ngazi ya chini ilishika kufuli, ya juu ikaisubiri, za katikati zikapita, na mlinzi wa mfumo akiona kazi kubwa haijaisha kwa wakati anawasha kompyuta nzima upya. Mainjinia wakaiga tatizo duniani kwenye chombo cha mfano, wakagundua mfumo wao wa VxWorks una kipengele cha kumkopesha mshika kufuli kipaumbele cha anayemsubiri, kilikuwa kimezimwa, wakatuma maagizo kikawashwa. Huko Mars! Na sisi wa kwenye meza tuna kinga nyepesi zaidi, Windows kila sekunde inakagua thredi zilizo tayari lakini hazijapata prosesa kwa kama sekunde 4, ikizikuta inazirusha mpaka 15 kwa muda mfupi zimalize shida zao. Sekunde 4 lakini ni nyingi kwa mtu anayetazama skrini iliyoganda. Ukizirundika programu zako kwenye Realtime, 15 nayo haifui dafu.

Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ni habari nyingine kidogo kwasababu namba yake, nice, kwa programu za kawaida haimfungii mtu mlango, inagawa mafungu. Inaanzia -20 mpaka 19, kubwa ndio mpole zaidi, na mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kuongeza upole lakini kupunguza mpaka awe root, yaani administreta wa huko, jambo ambalo mi nalipenda sana maana ndio msimamo wangu umeandikwa ndani ya mfumo. Kila hatua inabadilisha fungu kwa kama robo. Programu mbili zikigombania kori moja, moja nice 0 nyingine nice 10, ya kwanza inapata kama asilimia 90, na ya pili ikiwekwa 19 inabaki na asilimia moja na nusu hivi, ila wa kwanza akilala wa pili anachukua kori nzima, hamna kinachopotea. Skedula, yaani kipande cha mfumo kinachopanga zamu, ya CFS ya Ingo Molnar iliingia 2007, na kuanzia toleo la 6.6 la mwaka 2023 imeanza kupokewa na EEVDF, lakini mafungu ya nice yamebaki na maana ile ile. Mac sina nyingi dukani, zinazokuja ni mbili tatu za watu wa mashirika, kule Apple tangu 2014 wameficha namba, mwandishi anachagua tu kama kazi ni ya mtumiaji anayesubiri sasa hivi au ya chinichini. Wamefanya vizuri.

Kabla hujaenda kubadilisha chochote angalia kwanza nini kimejaa. Mashine nyingi zinazofika huku bado zina diski za kuzunguka, na ukifungua Task Manager unakuta CPU asilimia 12 na Disk asilimia 100. Hapo kipaumbele cha thredi hakina kazi, wote wanasubiri diski, mkubwa kwa mdogo. Low ya kwenye menyu inagusa prosesa, diski haiigusi. Programu iliyoandikwa vizuri inaweza kujiweka yenyewe kwenye hali ya chinichini ikashuka mpaka kwenye foleni ya diski, kwenye Linux una ionice unaweza kuifanyia programu ya mtu mwingine, ila kwa mteja wangu wa kawaida jibu ni SSD, diski isiyozunguka, mwisho. Namwambia mama mwenye duka la vipodozi "mama, hii tukibadilisha diski utaona", na anaona.

Inapofaa kweli ni hivi. Mwanangu mmoja anahariri video za harusi na send-off, akianza kurenda, yaani kompyuta kutengeneza video iliyokamilika, mashine inashikwa saa mbili tatu na huku wateja wanataka abani nyimbo na aprinti picha. Programu ya kurenda tukaishusha Below normal. Kurenda kunachelewa kidogo sana, maana muda mwingi kori ziko wazi na anazichukua zote, lakini akigusa kitu kingine kinaitika papo hapo. Kwenye Windows 11 kuna na Efficiency mode, inashusha kipaumbele na kuiambia prosesa itumie umeme kidogo, hiyo kwa kurenda siipendekezi, inaweza kupunguza spidi yenyewe, iweke kwenye vitu kama programu za kupandisha faili mtandaoni.

Kero iliyopo ni kwamba ukifunga programu, ukiifungua tena imerudi Normal, Windows haikumbuki. Kwahiyo tengeneza faili la bat lenye mstari mmoja, start "" /belownormal afu njia ya programu yako ndani ya alama za kufungua na kufunga semi, ulihifadhi kwenye desktop na ufungue programu kutokea hapo. Zile alama mbili tupu za mwanzo usiziruke, Windows inachukua maneno ya kwanza yaliyofungwa kama jina la dirisha, ukiziruka itakufungulia dirisha jeusi lenye jina la programu yako na programu yenyewe haiji. Na ukijaribu kushusha antivairasi itakuandikia Access denied, usihangaike nayo, imejilinda makusudi, panga tu muda wake wa kuskani uwe usiku au saa ya chakula.